Maneno ya Mwisho ya Mama

Nyumbani,
Tarehe 9 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo baba? Unakula vizuri? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi sijambo kabisa, na hilo neno la kwamba sijambo nakuomba ulisome mara mbili, mbele utaona kwa nini. Goti linauma kukiwa na baridi, lakini goti si ugonjwa, ni umri.

Mwanangu, kuna kosa limetokea gazetini. Jumatatu saa ya chai tulikuwa kwenye meza ya kukunjia mashuka ya hospitali, na Mama Pasi, yule msimamizi wetu mwenye ulimi wa moto, akatoa gazeti la jana yake atusomee safu yako kama kawaida. Wao hawajui kuwa huyo anayejiita Mwana wa Dobi ni wewe. Uliniambia nifunge mdomo, nami nimefunga, ingawa kila Jumatatu nakunja shuka huku uso nimeuficha ndani yake, maana nikitabasamu tu wataniuliza kuna nini.

Sasa Jumatatu hiyo akasoma kwamba mama yako amekufa. Kwamba ulimshika mkono wodini, akakuambia, "Mwanangu, usichoke kusema kweli hata ikikuuma," halafu mkono ukalegea. Wanawake wote wakawa wanalia. Mama Pasi, ambaye sijawahi kuona jicho lake limelowa isipokuwa kwa mvuke, alishindwa kuendelea, na kengele nayo ikalia. Akasema kabla ya kurudi kwenye mashine tushikane mikono tumwombee marehemu. Tukashikana. Huku nimeshikwa na huyu, huku na yule, nikaombewa nilazwe mahali pema. Nikasema amina. Mungu anisamehe, sikujua la kufanya.

Nafikiri watu wa gazeti wamechanganya karatasi, wakachukua habari ya mtu mwingine wakaiweka kwenye jina lako. Waambie warekebishe Jumapili ijayo. Au kama kuna jambo daktari amekuambia juu yangu ambalo mimi mwenyewe sijaambiwa, usinifiche. Nilipima presha mwezi wa kwanza wakasema iko sawa, lakini wale nao huwa wana haraka.

Kula, baba.

Ni mimi mama yako.


Mjini,
Tarehe 21 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha.

Hakuna kosa lililotokea. Niliandika mwenyewe. Wala hakuna daktari aliyesema chochote, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Yule si wewe, mama. Ni mama tu, mama wa kila anayesoma.

Mhariri alinipa wiki mbili: ama safu iguse watu, ama ukurasa wangu upewe matangazo ya magodoro. Miaka sita nimeandika juu ya kweli na huruma, na sikuwahi kupata barua zaidi ya tano kwa mwezi. Kwa makala hii moja yamekuja magunia mawili. Watu wamewasamehe wazazi wao. Mmoja alikuwa ameshachoka kuishi, ameandika kwamba sasa ataendelea. Niambie kama hiyo ni dhambi.

Kuna mchapishaji anakusanya makala zangu ziwe kitabu kitakachotoka mwezi ujao, na hiyo ndiyo itakayokibeba. Mpiga picha wake ananifuata kila ninapokwenda, kwa hiyo likizo ya Aprili sitakuja nyumbani. Utanielewa. Na usimwambie mtu.

Mwanao.


Nyumbani,
Tarehe 2 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na goti nalo linakusalimu, limepoa kweli. Wewe unaendeleaje? Unalala? Barua yako niliisoma siku tatu. Unanijua mimi na darasa la nne langu, nasoma kwa kidole. Safari hii kidole kilikwenda vizuri, moyo ndio uliokuwa unarudi nyuma.

Nikuambie kwanza la Mama Pasi, maana haki ni haki. Alikuwa hasemi na mama yake mwaka wa tisa huu, kisa mama alimkataa mkwe. Baada ya kukusoma akaomba ruhusa, akaenda, akampigia magoti mlangoni. Amerudi mtu mwingine. Anatuita wapenzi, na sisi tunamwogopa kuliko zamani. Kwa hiyo nilijiuliza, kama Mungu ameshaitumia hiyo makala yako, mimi ni nani wa kufungua mdomo? Nikaiweka kalamu kando wiki nzima.

Lakini mwanangu, kila Jumapili kanisani huwa nakuombea, nasema, Mungu, mlinde mwanangu anayewasemesha watu maneno yako. Sasa nikifika hapo nasita. Najiona kama mtu anayeomba kutoka mahali ambapo watu hawaombi tena. Na wewe, unasali? Ukisali unanisemea nini? Unaomba goti lipone, au unaomba nipumzike?

Sitaki maelezo mengi. Mistari mitatu tu. Andika hivi: Mama yangu yupo, anafanya kazi. Nilitunga. Mnisamehe. Waliowasamehe mama zao hawatarudi kuwachukia kwa mistari mitatu. Na kama ukurasa watawapa watu wa magodoro, wape. Godoro ni kitu cha kweli, mtu analilalia.

Gazeti linasema kitabu chako kitazinduliwa tarehe 16, na watu wote wanakaribishwa. Nimeshaomba ruhusa ya siku nne, kwa sababu ya safari. Nitavaa lile gauni la kijani ulilonitumia. Sitasema neno, baba. Nataka kukuona tu umesimama mbele za watu.

Mama yako, mzima.


Mjini,
Tarehe 13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usije. Ukumbi ni mdogo, waandishi watakuwepo, na kila anayeingia ataulizwa ni nani. Nakuomba kama mwanao, baki nyumbani. Mambo yakitulia nitakuja mwenyewe.

Mwanao.


Nyumbani,
Tarehe 27 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Hujambo baba? Mimi nilifika salama. Barua yako ya kunizuia niliikuta chini ya mlango siku niliyorudi. Ingeniwahi, nisingekuja, nakuapia.

Nakuandikia mambo yaliyotokea ukiwepo mwenyewe, maana sijui kama uliyaona.

Mlangoni palikuwa na binti mwenye karatasi ya majina. Akaniuliza kwa adabu mimi ni nani wa mwandishi. Nilikuwa nimepanga niseme mgeni tu. Lakini mtu uliyemzaa, ukiulizwa ni nani wako, ulimi unakwenda wenyewe. Nikasema mimi ni mama yake. Binti akanitazama gauni, akanitazama viatu. Ndipo ukatokea nyuma yake umependeza, shati limenyooshwa sawasawa, mimi nikaiona kola kabla ya uso, ndiyo kazi yangu. Ukaniwekea mkono begani. Ukasema, "Huyu ni mama mdogo. Mdogo wake marehemu."

Nikapewa kiti cha mbele. Watu wakawa wanakuja kunipa pole ya dada, nikazipokea, ningezitupa wapi? Bibi mmoja alinishika mashavu akasema nafanana naye sana, vile alivyomsoma.

Halafu ukaanza kusoma. Hapo ndipo nikakisikia kile kipande ambacho Mama Pasi alikatizwa na kengele, pale unaporudi nyuma kusimulia mama alivyokuomba msamaha, kabla mkono haujalegea, kwa lile daftari lako la hadithi alilolichoma. Mwanangu, nilishtuka kuliko siku niliyosikia nimekufa. Kumbe unalikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na moja, uliandika kwamba jirani yetu anaiba kuku, na haikuwa kweli. Darasa zima likasoma, watoto wakawa wanamwikia kama majogoo akipita. Akaja kwetu na machozi. Nami kwa ile aibu nikalitia daftari motoni mbele yake, lote, na hadithi nyingine zote zilizokuwamo. Ulikaa siku mbili hunisemeshi. Siku ya tatu ukaomba chai, nikajua yamekwisha.

Mshereheshaji akaniletea kipaza sauti, akasema mama mdogo atuambie neno moja juu ya dada yake. Kile kidude kilikuwa kizito kuliko pasi. Nikakutazama. Ulikuwa unanitikisia kichwa taratibu, vile nilivyokuwa nakutikisia wewe kanisani ukiwa mdogo ukitaka kuchezacheza. Niliahidi sitasema neno, najua. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele ya watu mia tatu, na wewe ulikuwa umetoka kuwasomea kwamba mama yako alisema usichoke kusema kweli. Nikasema, "Mimi sijawahi kuwa na dada."

Ukakitoa kipaza sauti mkononi mwangu, kwa upole, wote waliona ilikuwa kwa upole. Ukasema, "Mtusamehe. Tangu msiba, akili yake haijatulia." Wakapiga makofi, mwanangu. Walikupigia wewe, kwa kunivumilia.

Kijana mmoja akanishika kiwiko akanipeleka kwenye benchi karibu na choo, akanipa maji. Nikakusubiri hapo. Watu wakatoka, wafanyakazi wakaanza kukusanya vitambaa vya meza. Walikuwa wanavikunja kama wanafunga mzigo wa kuni, nikashindwa kuvumilia, nikainuka nikawaonyesha. Tulipomaliza nikauliza mwandishi yuko wapi. Wakasema alishaondoka zamani kwa mlango wa nyuma.

Niliporudi kazini nilimwambia Mama Pasi. Nilishindwa kulibeba peke yangu, nisamehe. Aliisahau pasi juu ya shuka mpaka likaanza kunuka kuungua. Akasema, "Mwenzangu, kama ni kweli, usinirudie nayo tena. Mimi nimempigia mama yangu magoti kwa ajili ya yule marehemu. Sasa wewe unataka kumfufua ili iweje?" Kesho yake akanihamishia stoo ya mito. Huko niko peke yangu.

Basi, ya gazeti nimeyaacha. Hata ile mistari mitatu siiombi tena. Sitakwenda kwa mhariri, sitakuharibia kazi yako, kwa hilo lala usingizi. Nina neno moja tu: mtu anayewaandikia watu mambo ya Mungu, anavyoandika na anavyoishi vifanane. Hilo nimelisema mimi, nikiwa nimekaa kitandani kwangu na kalamu mkononi. Ukitaka kuandika kwamba mama yako alisema kitu, andika hilo.

Na daftari, mwanangu, naliombea msamaha mwenyewe. Yule wa gazetini alikuomba, mimi bado. Nilikosea. Ningechana ule ukurasa mmoja wa jirani na mengine nikakuachia. Sikujua kwamba umelibeba miaka ishirini na mbili. Ungenidai tu, ningekuomba siku ileile.

Niandikie barua moja. Humu ndani ya bahasha tupo wawili tu, hakuna mpiga picha, hakuna makofi. Niite mama, halafu uniambie kama daftari umenisamehe au hujanisamehe. Lolote utakalosema nitalipokea, mradi uwe umeniambia mimi.

Ni mimi mama yako.


Mjini,
Tarehe 8 Juni

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Mimi sijambo, kazi inaendelea vizuri. Kitabu kinachapwa kwa mara ya pili.

Nimekawia kukujibu kwa sababu uliniandikia neno zito, nami nilitaka kulifikiria kabla ya kushika kalamu. Ulisema mtu anayewaandikia watu mambo ya Mungu, anavyoandika na anavyoishi vifanane. Nimelisalia neno hilo wiki nyingi na nimeona una haki. Haifai kuwa na maneno ya Jumapili kwa ajili ya watu, halafu mengine ya kufungia kwenye bahasha. Kwa hiyo nimeamua kuishi kama nilivyoandika, hata mahali ambapo hakuna anayeniona. Tangu nilipoamua, moyo wangu umetulia. Nakushukuru.

Jiwe la kumbukumbu la mama liliwekwa Jumamosi iliyopita, kwenye ukuta wa kanisa ninaposali. Maneno yake ya mwisho yamechongwa hapo. Wasomaji wanaleta maua. Ukipata nafasi, karibu ulione.

Kuhusu lile daftari, usijisumbue. Mama aliniomba msamaha mwenyewe, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, nami nilimsamehe.

Ni mimi,
mtoto wa dada yako.