Nimeficha Majibu ya Konokono wa Bwawa la Ubatizo

Mama Annuarite, mshauri wetu,

Niwie radhi kwa kimya cha karibu mwaka mzima tangu uliponifariji katika msiba wa mke wangu. Sikukusahau, ila sikuwa na neno la kukuandikia, na hili nililo nalo leo ni la aibu, hata majina ya watu nimeyabadilisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Uvira, na hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwa miaka tisa nimekuwa nikichunguza konokono wa majini, kwa kuwa baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho. Humweka kila mmoja juani katika bilauri ya maji, na wasipotoa vijidudu kwa siku tatu hutangaza kanisani kwamba maji yale ni salama, na watu huniamini. Kazi hiyo nilimfundisha binti mmoja, Gabriella, tangu akiwa shule ya msingi, na sasa ameajiriwa katika maabara moja ya Lilongwe, amepanga chumba mtaa wa Area 25, na mwezi uliopita alikuja kwa gari la maabara kuchukua konokono katika bwawa nililolitangaza salama. Pasta Josué alipomwona akacheka.

“Mwalimu, mutoto amekupita. We pumuzika sasa.”

Mama, neno hilo lilinichoma mpaka nikapanda minibasi kwenda Lilongwe kutafuta kosa la Gabriella, nikamwona akikata kipande cha nyama ya konokono kidogo kama yai la chawa, akikitia katika kichupa ili apime DNA, kipimo kinachotambua konokono ni wa aina gani na amebeba kimelea gani, na kila kichupa kilikuwa na namba kwa mpangilio nilioubuni mimi, jambo ambalo badala ya kunifurahisha liliniumiza zaidi. Wenzake walimwita Dokta, ilhali shahada yake ya kwanza hajaimaliza. Mimi walinipa kiti na soda.

“Mwalimu, hii konokono ya bwawa iko na kadudu ya kichocho ndani,” akaniambia. “Kangali kadogo, njo maana hakakutoka ku jua yako. Usome hii karatasi kanisani, bantu banakusikiaka weye.”

Matangazo yote ya kanisa huyasoma mimi. Jumapili iliyopita nilisoma la kwaya, la ndoa ya Cishahayo, na la kiatu kilichookotwa, nikaiacha karatasi ya Gabriella ndani ya Biblia, naye huko Lilongwe anaamini nimeisoma. Jumapili ijayo watu thelathini na wanne watabatizwa katika bwawa hilo, akiwemo mjukuu wangu Orpa. Najiambia huenda binti amekosea, lakini najua kwamba ninatamani awe amekosea, na hayo ni mambo mawili.

Naomba msaada wako. Nikishakata shauri nitakuandikia.

Lwaboshi, Dzaleka

Mwalimu,

Pole. Kumwona uliyemfundisha kushika bilauri akishika mashine si jambo jepesi katika umri wako, na pasta angeweza kuuma ulimi. Huruma yangu inaishia hapo.

Bilauri ilikuonyesha kilichotoka. Haikuweza kukuonyesha kilichobaki ndani ya konokono. Hilo si kosa lako. Kosa lako ni la Jumapili iliyopita. Umekuwa mkulima anayeuchukia mhindi wa shambani mwake kwa sababu umempita urefu, na sasa uko tayari kumzamisha Orpa katika maji usiyoyaamini, ili tu jina lako lisiguswe. Kichocho hakimwulizi mtu kama amekuja kuoga au kubatizwa.

Usingoje Jumapili. Mpelekee Pasta Josué karatasi hiyo leo, umwambie umekaa nayo siku ngapi. Akikucheka tena, nyamaza. Ubatizo ufanyike katika tangi lililojazwa maji ya kisima. Hakuna andiko linalodai bwawa. Kila aliyeoga humo aende kliniki akapimwe, hata asiyekojoa damu, nawe uliyeokota konokono humo miaka tisa utangulie kwenye foleni.

Jumapili isome karatasi yote kwa sauti yako mwenyewe, utaje aliyepima. Kisha mwite Gabriella asimame kando yako, kwa maana watu watauliza maswali, na mengine hutaweza kuyajibu.