Dawa Mbili za Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Majibu yametoka: mume wangu ana kifua kikuu. Ameanzishiwa vidonge leo, juu ya vile vya ugonjwa wa akili anavyomeza miaka yote hii. Karudi kwenye kiti chake cha dirishani, kimya kama kawaida tangu aanze vile vya akili. Nimezoea. Ila leo nimeitazama sana picha yetu ukutani, aliyoipiga mwenyewe enzi za studio yake ya picha — kamera juu ya stuli, kisha mbio aje asimame kando yangu! Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Jumapili, 17 Machi
Kikohozi kimepungua. Mkojo wake umekuwa rangi ya chungwa. Walitwambia, ni dawa ya kifua. Katoka chooni na kutangaza: "Bi harusi, lete glasi, juisi iko tayari!" Nimecheka. Kisha nimejifungia jikoni nikalia. Bi harusi! Sijaitwa hivyo tangu augue.

Alhamisi, 21 Machi
Kanyoa ndevu. Anapiga mluzi bafuni. Kampigia binti yetu simu, wameongea mpaka salio likaisha. Baadaye binti kaniuliza, "Mama, yule ni baba kweli?" Ni yeye. Yule yule aliyewachekesha watoto waliolia studioni hadi wakasahau kamera. Nimevaa gauni zuri, bila sababu.

Jumanne, 26 Machi
Kulala halali. Alfajiri nimemkuta ameshusha mapazia yote sebuleni — anafungua studio humu humu! Anasema kamera zinamwita kwa jina. Ndivyo ilivyoanza mara ile alipougua. Na vidonge anameza, namwona kwa macho yangu! Nimekimbilia kwa mfamasia na paketi zote mbili. Kazisoma, kanivutia kiti. Dawa ya kifua inaiondoa ile ya akili mwilini haraka mno, kasema. Anameza, lakini haimkai. Asiache hata moja. Kesho twende kwa daktari wa akili, huenda akaongeza kipimo cha dawa yake.
Kumbe furaha yangu yote hii ilikuwa ugonjwa unarudi.

Jumatano, 27 Machi
Kliniki, kwenye benchi. Anawapanga wauguzi kwa ajili ya picha, na kamera hana. Wanacheka. Sasa hivi kaniinamia sikioni: "Bi harusi, wakiniongezea ile dawa, wewe utabaki na nani?"
Wametuita. Hainuki, ameshika pindo la gauni langu. Itabidi niinuke mimi kwanza —