Kichwa cha Malkia Aldonza

Sabela, pokea simu. Haya basi, kama hupokei, soma ujumbe huu, maana nina hasira.

Leo nilialikwa ukumbini kusoma riwaya yangu, siku ileile ya sikukuu ya mkate. Wakaniwekea mezani mkate wenye umbo la Malkia Aldonza, yule wa zamani, na taji lake la sukari, eti mgeni rasmi ndiye avunje kichwa kwanza, ndipo watu wale. Mimi, niliyeandika kurasa mia tatu kumtetea.

Nikakataa. Evaristo mwokaji akasimama. "Binti, huyo alichoma ghala la ngano watu wakifa njaa. Vunja, tule."

Nikamwambia ngano ile ilikuwa imeota ukungu, waliokula walikuwa wanaweweseka na kuoza vidole. Aliwaokoa.

"Hadithi zako hizo."

Nikamuuliza mbele ya watu wote, "Bwana Evaristo, unga wako ukiota ukungu unaufanyaje?"

"Nauchoma."

Hakufikiri hata kidogo. Nauchoma, Sabela. Kasema kwa mdomo wake.

Nikajua nimembana. Halafu akacheka. "Lakini mimi ni mwokaji, najua ninachofanya. Yule alikuwa mke wa mfalme tu."

Wakapiga makofi. Wakampigia YEYE makofi.

Nikakinyofoa kichwa mwenyewe nikatoka nacho. Kiko hapa kwenye kiti cha gari, taji limepinda.

Na unajua nani kanifuata mpaka dirishani? Mama yangu mzazi. Anagonga kioo.

"Iria, rudisha hicho kichwa. Watu wana njaa."