Usimfukuzishe Yule Binti

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na pole ya kuuguza. Natumaini mgongo umekuachia kidogo tangu urudi nyumbani, na shemeji ameacha kujifanya daktari. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni utayakuta chini.

Mwanao anaendelea vizuri. Jana nilimkuta wodini amekaa kitandani anabishana na muuguzi kuhusu uji, nikajua Wakili wetu amerudi. Mshono unakauka. Daktari anasema kidole tumbo kilipasuka mchana wa siku ile, na angefikishwa mapema angelazwa siku tatu tu. Sasa ni wiki ya tano, na mwaka wa masomo umempita.

Kazini ni yale yale. Watu wanadhani sisi polisi wa chuo tunakimbizana na majambazi. Wapi! Tunatunza simu zilizosahaulika maktaba, tunamfungulia gari mwalimu wa hesabu anayefungia funguo ndani kila wiki. Na tunajulia watu hali. Mzazi akipiga kwamba mwanawe hapokei simu, askari anakwenda hadi chumbani. Sharti letu ni kwamba mlango ufunguliwe, umwone uso, naye ampigie mzazi mbele yako. Ndipo unaandika kwenye kitabu cha zamu: ameonekana.

Uliponipigia asubuhi ile nilikwenda, hilo ni kweli. Nilibisha hodi. Akajibu kutoka ndani, sauti ya chini, kwamba ni tumbo tu, niende zangu, nisimwaibishe kwa wenzake na sare yangu. Unamjua, alishaniomba hivyo mara nyingi. Papo hapo redio ikaniita: mwalimu wa hesabu, tena. Nikaondoka. Nikaandika ameonekana, ni mzima. Halafu nikakupigia, nikakuambia nimemwona kwa macho yangu, na hata kanenepa. Ukacheka, ukanishukuru. Kicheko kile, dada, hakinitoki masikioni.

Sikumwona. Mungu anisamehe, sikumwona hata ukucha.

Na si hilo tu. Wewe unasema mwenzake wa chumbani ana roho mbaya, alimwacha mwanao akigaagaa asimwambie mtu. Umemwandikia mlezi wa wanafunzi aondolewe bwenini, na baraza linakaa Alhamisi. Dada, yule binti alikuja kituoni alasiri ileile, mbio, ndala moja tu mguuni. Askari wa mapokezi akafungua kitabu, akaona mwandiko wangu, akamwambia mgonjwa ameshaonwa na mjomba wake mwenyewe, aache kusumbua watu. Akarudi chumbani. Kulipokucha ndiye aliyembeba mwanao mgongoni hadi getini.

Mwanao anajua yote. Alinisihi ninyamaze, eti mama asije akapoteza mwaka wa mwanawe na ndugu yake kwa mpigo mmoja. Nami nikanyamaza wiki zote hizi. Nilikula chakula ulichonipikia kunishukuru, huku nikimpita yule binti analia kwenye ngazi za bweni. Nilimpita, dada. Hiyo inaniuma kuliko hata ule mlango.

Leo nimemweleza mkuu wa kituo, naye amechukua kitambulisho changu. Alhamisi nitasema mbele ya baraza, wanifanye watakavyo. Lakini barua ya malalamiko ni yako, na anayeweza kuiondoa ni wewe. Iondoe, nakuomba. Kisha andika nyingine, uweke jina langu.

Nisalimie shemeji na watoto, mkubwa kwa mdogo. Sitakupigia simu. Nikisikia sauti yako najua nitaanza tena kudanganya.

Ni mimi mdogo wako wa kukufuata,
Mjomba Polisi