Maini Yanamkatika, Daktari Anasema Mzima

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia kuomba msaada na naomba pia usinicheke, maana nyumbani wameshanicheka vya kutosha. Mume wangu ni seremala, mtu mpole ambaye hata akijigonga na nyundo anaipa nyundo pole, na karakana waliifungua yeye na kaka yake, wakafanya kazi pamoja tangu ujana wao mpaka ugonjwa wa ini ulipomchukua shemeji yangu mwaka huu, Mungu amrehemu, na tangu tumzike mume wangu anakula nusu sahani, anakaa na msumeno mkononi bila kukata kitu, na nikimuuliza ana nini ananijibu, "Maini yananikatika, mama watoto." Mshauri, kaka mtu kafa kwa ini, huyu naye ananiambia maini, ningetulia vipi?

Nikamburuta hospitali. Daktari, kijana mwenye adabu, alimbonyeza tumbo, akampima damu pamoja na homa ya ini, akasema yote yako sawa, picha ya ini haihitajiki kwa sasa. Alimuuliza anaumwa wapi, mume wangu akasema haumwi popote, nikamwambia daktari huyu hajui kujieleza, anaumwa hapa, nikaonyesha ubavu wangu mwenyewe. Daktari akaniuliza, "Mama, kwani leo mgonjwa nani?" Tukaenda hospitali nyingine, jibu likawa lile lile, na chumba cha picha hawakupokei bila karatasi ya daktari. Sasa mdogo wangu ananishauri twende kwa daktari wa tatu niseme anatapika damu, karatasi itatoka hapo hapo. Mimi ni mtu wa sala, uongo sijauzoea, lakini huyu mwanamume ndiye nyumba yangu. Je, Mungu ataniandikia dhambi nikidanganya kwa kumpenda?

Mke wa Seremala

JIBU

Mke wa Seremala, mumeo ana bahati, na pole yake pia.

Uongo huo usiuseme. Ya dhambi waulize viongozi wako wa dini. Ninachojua mimi ni kwamba daktari akiambiwa damu atatafuta damu, atamlaza wodini na kumpitisha mpira kooni kwa ugonjwa ulioutunga wewe. Hofu yako ina sababu, lakini je, ulimwambia daktari kwamba kaka mtu alikufa kwa ini? Katika barua yako sikuliona hilo. Rudi kwa yule kijana, mweleze shemeji aliugua nini hasa, na umuulize ni dalili gani itamfanya aandike picha. Akikataa tena, akueleze sababu mpaka uelewe, hiyo ni haki yako. Na ukiona macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi au tumbo linavimba, usiniandikie mimi, kimbia naye siku hiyo hiyo.

Sasa nikugombeze kidogo. Dada yangu, Kiswahili umekizungumza tangu utotoni. Mtu aliyezika nduguye akisema maini yanamkatika, anakwambia ana uchungu. Amekwambia kila siku, nawe kila siku unamtafutia hospitali. Tena alipoulizwa yeye, ukajibu wewe. Huzuni nayo ina madaktari wake. Kama kula kunazidi kumshinda, litajeni hilo huko huko hospitali, mumeo akilisema kwa kinywa chake.

Leo jioni mpelekee chai karakanani, vuta kiti, muulize kaka yake alikuwa mtu wa namna gani. Kisha nyamaza, mama. Najua hapo ndipo pagumu.