Tarakimu Kumi

Kijijini, Sikonge
9 Machi 2024

Dada Levina,

Shikamoo. Natumaini hapo Gongoni mnaamka salama, na mgongo wako wa kukaa mbele ya kompyuta kutwa umepata nafuu. Advera hajambo, ametimiza miaka minne na anaongea kukuzidi wewe. Mimi ni mzima kiasi.

Usinicheke kwa kukuandikia karatasi. Simu ya nyumba hii ni moja na ni ya shemeji yako Zablon, na kila namba iliyopigwa anauliza ya nani. Kusoma hajui. Meseji zake namsomea mimi, lakini siku hizi akienda Sikonge mjini anampa simu Raymundi, karani wa chama cha msingi cha wakulima, ahakikishe kama nilisoma sawa.

Juzi moto wa bani la kukaushia tumbaku ulizimika nikiwa namlaza mtoto, majani yakaharibika rangi. Alinipiga kwa gogo lile lile nililokuwa naenda kuchochea nalo. Mkono wa kushoto umepinda chini ya kiwiko na hauinuki. Ile kadi ya zahanati walimoandika habari za mbavu zangu mwaka jana, ameichana na kuitia motoni. Alisema sasa hakuna mahali palipoandikwa kwamba ameniinulia mkono.

Barua hii anakuletea Bundala, muuza asali. Nijibu kwa mkono wake huyo huyo.

Mdogo wako,
Veneranda


Gongoni, Tabora
14 Machi 2024

Mdogo wangu Veneranda,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma dirishani kwangu mapokezi, wagonjwa wamepanga foleni, nikamwambia wa kwanza asubiri nipenge kamasi.

Njoo Alhamisi ijayo. Mwambie Zablon mtoto ana kliniki, mwambie lolote. Hapa hospitalini kwetu hakuna tena kadi ya kuchana. Nakuandikisha mimi mwenyewe, daktari analiona jina lako kwenye kompyuta chumbani kwake, picha ya mfupa inamfikia kabla hujavaa blauzi. Kila kitu kinabaki humo na tarehe yake. Hata akija na petroli, hawezi kukichoma.

Nina hasira. Njoo.

Dada yako,
Levina


Kijijini, Sikonge
27 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Tulifika salama. Zablon nilimwambia kwamba hospitalini nimesema nilianguka kwenye baiskeli ya Bundala. Alicheka, akasema plasta imenipendeza.

Nilipoiona picha ya mfupa wangu kwenye kioo niliona aibu, kama nimevuliwa nguo. Daktari aliuliza nani amefanya hivi, nikamtaja. Miaka sita sijawahi kulitoa jina lake kinywani kwa jambo hilo. Alipolichapa nilisikia vidole vyake vikigonga, nikajua halirudi tena.

Wamenipa tarehe 2 Mei ya kukata plasta. Siku hiyo nitakuja na Advera na hatutarudi huku. Andaa godoro. Hadi hapo nitakuwa mke mwema kupita wote Sikonge nzima.

Mdogo wako,
Veneranda


Tabora, hospitalini
29 Aprili 2024, asubuhi

Veneranda,

Sikuulizi hali. Ukishasoma, mchukue mtoto utoke.

Kompyuta huwakumbusha wagonjwa siku tatu kabla. Leo nimefungua orodha ya waliotumiwa ujumbe, na mbele ya jina lako ipo namba ya Zablon. Niliiandika mimi. Mashine ilikuwa haikubali kuendelea mpaka nijaze tarakimu kumi, foleni ilikuwa ndefu, vidole vikaweka ile ninayokupigia kila Krismasi. Ujumbe umeondoka saa tatu. Unasema urudi Alhamisi kukatwa plasta na kuonana na mhudumu wa waathirika wa ukatili wa nyumbani.

Nimempigia mtendaji wa kijiji chenu, hapatikani. Bundala nimemkuta sokoni, anaondoka sasa hivi, asali yake ameiacha. Nisamehe baadaye, leo kimbia.

Dada yako,
Levina


Mahabusu
8 Mei 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Siwema, mke wa Bundala, ndiye anayeniletea uji, na karatasi hii ya daftari itatoka chini ya bakuli lake. Ukishaisoma usiiweke.

Ujumbe uliingia tukiwa tunafunga marobota ya tumbaku. Akanipa simu nimsomee. Nilisoma kimya hadi mwisho, kisha nikasema kwa sauti kwamba chama kinawaita wakulima kesho saa mbili, Sikonge mjini. Sijui uongo ule ulitoka wapi. Jumanne alfajiri alifuta baiskeli yake akaenda mkutanoni.

Nilimchukua Advera tukashika njia ya zamani ya misafara, ile inayopita miomboni, maana barabarani wote wananijua. Bundala naye hupitia huko na asali yake; alitukuta karibu na saa sita akanipa barua yako. Niliisoma nimesimama. Nilitaka kukucheka, kwa kuchelewa kwako.

Zablon akatokea, amefuata nyayo zetu. Raymundi alikuwa amemsomea ujumbe mbele ya wanaume wenzake, nao walicheka. Alishuka na panga. Bundala alijaribu kumshika, akapigwa ubapa wa panga kichwani akaanguka hajitambui. Kisha Zablon akaigeukia plasta yangu. Aliipiga kwa mgongo wa panga hadi ikapasuka, akaendelea kupiga palepale, akiniuliza kila pigo, umeandika wapi, umeandika wapi. Mfupa nilisikia ukitoka. Advera alimkumbatia mguu. Alimpiga teke mtoto akagonga shina, akanyamaza, na mimi nikadhani amekufa.

Shoka la Bundala la kupasulia mizinga lilikuwa limefungwa kwenye baiskeli. Nililichomoa kwa mkono mzima. Nilimpiga begani, panga likamdondoka. Alipiga magoti, akaniita jina langu vizuri kama siku ya posa. Nikampiga tena, shingoni.

Pigo hilo la pili hakuna aliyeliona. Bundala alikuwa bado chini. Polisi nimewaambia alikuwa ameliokota tena panga. Sijui kama ningeweza kuishia pigo la kwanza, dada. Nilikuwa nasikia mfupa.

Sasa wanasema nilimtega. Kwamba namba yake niliitoa mwenyewe hospitalini ili ujumbe umfikie, nikamdanganya kwa mkutano, nikamsubiri porini na shoka. Nikitiwa hatiani kwa hilo sitamwona Advera akikua.

Mdogo wako,
Veneranda


Gongoni, Tabora
20 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua watu wa getini watasoma hii kabla yako, na waisome. Bundala ameshaanza kutembea. Advera ana kovu kwenye paji na anakula vizuri. Ananiuliza kama mama amelazwa, namwambia ndiyo.

Mkuu wangu aliniita akafunga mlango. Alitaka niseme namba alitoa mgonjwa, kwa sababu hospitali haiwezi kuonekana imekosea. Nilirudi dirishani nikafungua jalada lako. Humo imeandikwa nani aliingiza nini na saa ngapi: Levina, saa nne na dakika kumi na mbili, tarehe 21 Machi. Nikalitoa lote kwenye printa, pamoja na picha ya mfupa na jina ulilomtajia daktari, nikampelekea mpelelezi kwa mkono wangu na kutia sahihi. Nimemweleza kwamba hukuulizwa namba, hukuitaja, na hukujua kama ipo. Wakili anasema hoja ya mtego imeanza kulegea.

Kazi nimeachishwa jioni ile ile. Miaka sita nimelipwa kuhakikisha habari ya mtu haipotei, nami nilijivunia, wewe shahidi. Nilikosea tarakimu kumi zikakufikisha hapo ulipo. Hilo nitalibeba, usinibembeleze.

Wiki iliyopita mkaa ulikataa kushika, nikatafuta karatasi ya kuwashia. Nilikuwa na moja tu, ya daftari, ina doa la uji. Ugali uliiva, Advera akala akashiba.

Dada yako,
Levina