Tangazo Nililolinyamazia

Nchelenge, Alhamisi jioni, Novemba 1973

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Kama Mama Feza atarudi Kongo kesho, ni kwa sababu yangu.

Jana sokoni walibandika tangazo la uchaguzi kwa Kiingereza. Mama Feza, anayeuza chumvi na vitenge karibu na meza yetu ya samaki, akanivuta mkono. "Mutoto ya masomo, tusomee."

Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja anayekagua kadi za chama akasema Wakongo wote watafukuzwa nchini kabla ya kura. Mama Feza akanigeukia. "Ile karatasi inasema vile?"

Watu wote walikuwa wananiangalia, na yule kijana pia. Nikaitika kwa kichwa.

Karatasi ilisema tu kwamba soko litafungwa siku ya kura. Basi.

Leo uvumi umefika hadi kijiji cha Kafutuma, na Mama Feza amepata nafasi kwenye mashua ya alfajiri ya kuvuka ziwa kwenda Kongo. Mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyenipikia miezi mitatu. Mchana ameniletea sufuria ileile. "Chukua. Kule sina wa kumupikia."

Niliipokea kwa mikono miwili.

Nimenakili tangazo hapa nyuma ya daftari kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, ili nisikosee nikimsomea. Halafu nitamwambia kuhusu kile kichwa nilichoitikia. Akikasirika, akasirikie hapahapa Nchelenge.

Nasikia ndala zake uani, anakuja kutuaga. Kila siku daftari hili nalificha chini ya mkeka. Leo naliacha wazi, na mlango pia